Injini ya Mwisho ya Orrin Kolar

Mwaka umezunguka, Orrin, tangu Alhamisi ile ya wiki ya maonyesho ya kaunti, ulipoweka spana mezani, ukajifuta mikono, ukasema unakaa kidogo, na hukuinuka tena. Daktari alitutajia jina la ugonjwa. Tulilisikia, tukamshukuru, tukalisahau kabla ya kufika kwenye gari. Moyo ulisimama, basi. Watu wanatuuliza tunaendeleaje, nasi tunawajibu kwamba tunaendelea. Si uongo. Asubuhi inafika, na sisi tunafika nayo.

Tunakuandikia ujue mambo yalivyokwenda nyumbani na pale uwanjani Kettle Creek. Ulipenda kusimuliwa habari kuanzia mwanzo. Mtu akikuletea umbea wa mbio akaanza na mshindi, ulimkatiza: "Rudi nyuma. Nani alianza mbele?"

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiendesha. Kwenye udongo wa Kettle Creek, ile njia ya mviringo ambayo gari huimaliza kabla mtu hajapiga chafya ya pili, ulikuwa kichaa. Uliingia kona gari likienda ubavu, udongo ukiwarukia hata waliokaa mabenchi ya juu na chakula chao. Lakini barabarani! Barabarani ulikuwa kama ajuza aliyebeba mayai. Bernadine mkeo alikuwa akipiga kelele kila Jumapili: "Kanyaga basi, Baba Tressa! Padri atamaliza hata sadaka hatujafika!" Nawe unamjibu, "Kwani padri atanipungia bendera?" Matrekta yalitupita, Orrin. Matrekta yenye mzigo.

Tunakumbuka pia kwamba hukujua kukataa. Lango la ng'ombe likivunjika, trela ikikatika mhimili, walikuja kwako, na ulichomelea hata siku ya Krismasi, Bernadine akiwa amesimama mlangoni na bata mzinga anapoa. Dereva akiharibikiwa na gia Jumamosi mchana, ulimpa yako ya akiba. Jioni anakupita nayo, nawe unarudi nyumbani ukipiga mluzi kwenye pengo la meno.

"Umemshindisha mwenyewe," Bernadine anakuambia.

"Sasa ningeshindana na nani, Mama Tressa? Na kivuli changu?"

Baridi ilipoingia hatukuisikia. Majirani walileta vyakula vya kuoka kwenye mabakuli ya kioo, kila bakuli na jina la mwenyewe chini yake, na kolache, vile vimikate vitamu vya plamu, kutoka kwa akina mama wa kanisani. Tulikula kama watu wanaotia mafuta kwenye gari la kukodi. Bernadine aliosha mabakuli akayarudisha. Kuna bibi mmoja alimuuliza kama chumvi ilikuwa nyingi, na Bernadine hakukumbuka ladha yoyote.

Bintiyo Tressa, uliyemwachia usukani magoti yalipokushinda, alikwenda kazini kwake kwenye maghala ya mahindi, akapima malori, akarudi. Alikuwa kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno na sindano ya ganzi, ila ganzi yake ilikuwa mwili mzima. Ukimsemesha, alikujibu. Ukimfinya, pengine asingejua.

Msimu ulifunguliwa Aprili. Bernadine alikwenda kwenye kibanda chake cha baga karibu na kona ya kwanza kama miaka yote. Alipanga nyama kwenye bamba la chuma, akazigeuza, akazipanga, akazigeuza tena. Foleni ikawa ndefu. Gesi hakuwa ameiwasha. Wote waliosimama pale waliona nyama mbichi inalazwa huku na huku, na hakuna aliyefungua mdomo. Walivua kofia, wakasubiri kama wako kanisani. Ndipo akafika Gaylen Stoltz, yule yule mfuga nguruwe, mpinzani wako aliyekimbizana nawe uwanjani miaka thelathini, akachungulia juu ya mabega ya watu.

"Shemeji," akasema, "hiyo nyama utaigeuza mpaka irudi kuwa ng'ombe. Washa moto."

Watu walimwangalia vibaya sana. Bernadine akalitazama bamba, akalishika kwa kiganja, akawasha.

"Na wewe Gaylen urudi nyuma upange foleni," akasema. "Umesikia? Mwisho kabisa."

Gaylen akaenda mwisho kabisa.

Sasa tuje kwenye injini. Ulipokaa siku ile ulikuwa umeimaliza. Ilikuwa kwenye stendi katikati ya gereji, nati ya mwisho imekazwa, haijawahi kuwashwa. Bernadine aliifunika shuka. Kaka yako Emmet, aliyerudi kutoka kwenye kuzurura kwake kwa ajili ya mazishi na hajaondoka bado, alisema iachwe ilivyo, kama picha ya ukutani. Tressa akasema injini si picha. Baba aliitengeneza ikimbie, na aliitengeneza kwa ajili ya gari la Tressa mwenyewe. Mwezi Machi wakaishusha ndani ya gari, Emmet akivuta mnyororo wa winchi na Tressa akiilekeza kwa mikono. Ilipowashwa, ilishika mara ya kwanza. Bernadine akatoka jikoni na taulo la vyombo, akasimama mlangoni. Hakuna aliyelia. Tuliisikiliza mpaka ikapata moto, Tressa akaizima, tukaenda kula.

Hapo ndipo Tressa alipokwama, na ili wasomaji wengine wa kumbukumbu hii waelewe, maana wewe huhitaji kuambiwa, inabidi tueleze sheria.

Katika daraja letu la mbio, injini ya mshindi inaweza kudaiwa. Dereva yeyote aliyemaliza mbio bila kuachwa mzunguko, akitoka njiani aende moja kwa moja kwenye mizani ambako gari la mshindi hupimwa, asipite kambini kwake, asishuke garini, asimame kando ya mshindi na kusema, "Naidai." Inatosha. Bei imebandikwa langoni, ni moja kwa wote, na injini inang'olewa siku hiyo hiyo. Mshindi akikataa kuuza, ushindi unafutwa na anakaa nyumbani msimu mzima. Ni sheria ya kuwazuia matajiri. Ukificha dhahabu chini ya boneti, kuna mtu ataondoka nayo kwa bei ya kutupa.

Wewe uliipenda sheria hiyo. Kila walipodai injini yako ulitabasamu kama umetunzwa, ukawasaidia kuifungua, ukawaonyesha nati ipi ina ukorofi. Gaylen amedai injini zako kuliko mtu yeyote. Nyingine aliziua ndani ya mwezi mmoja, akaja kukulaumu, mkagombana mpaka giza, mkaagana vizuri.

Lakini zile zilikuwa injini ambazo ungetengeneza nyingine. Hii hapana. Tressa hakuweza kuiacha kwenye stendi, na hakuweza kuipoteza. Akapata njia yake. Anayedaiwa ni mshindi peke yake. Wa pili haguswi. Basi akawa wa pili.

Aprili wa pili. Mei wa pili, na wa pili tena. Mwanzoni tulidhani ni huzuni, au mikono imepoa. Kisha Emmet akaisikia. Gari lilikuja kona ya nne ya mzunguko wa mwisho likiwa na nguvu zote, na palepale, kabla ya bendera ya miraba ya kumaliza mbio, sauti ikashuka kidogo. Mguu umeinuliwa. Mtu wa Kettle Creek anaisikia sauti hiyo hata akiwa chooni. Uwanja mzima ukawa unajua, na uwanja mzima ukanyamaza. Wa pili akawa anapigiwa makofi kuliko mshindi. Wanawake walimshika Tressa mashavu. Wanaume walimpisha kwenye lango, na wengine, Mungu awasamehe, wakaanza kumpisha hata kwenye kona.

Mwezi wa Juni jamaa mmoja alimvuta Emmet pembeni ya uzio. "Mwambie binti akanyage tu," akamnong'oneza. "Tumeshaelewana sisi madereva. Akishinda hakuna atakayeigusa hiyo injini. Ni heshima kwa Orrin."

Emmet alirudi nayo nyumbani kama habari njema. Walikuwa mezani.

"Wameelewana?" Tressa akauliza.

"Wote. Karibu wote."

"Kwa hiyo nikishinda ni kama nimeshinda mbio za watoto za gunia."

"Ni heshima, mwanangu."

"Baba mkubwa," akasema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka, "wakati Baba yuko hai walikuwa wanakimbilia kwenye mizani kama kuku waliotupiwa mahindi. Ile ndiyo ilikuwa heshima."

Bernadine akamwambia ale viazi vyake. Akavila. Jumamosi akawa wa pili.

Jumamosi hiyo mshindi alikuwa Gaylen. Alipomaliza kupiga picha na kikombe alikuja moja kwa moja kwenye sehemu yetu, helmeti bado iko kichwani, jasho linamtiririka shingoni.

"Binti, umeachia mafuta."

"Sijaachia."

"Masikio yangu yamemalizwa na nguruwe, lakini hilo nimelisikia. Kona ya nne. Umenipa."

"Hongera kwa ushindi, Mzee Gaylen."

"Usinipongeze! Sijashinda kitu. Baba yako miaka yote ile hakuwahi kunipa hata upenyo wa kupitisha baiskeli. Angenikuta nimelala njiani angenipanda. Halafu wewe unanigawia mbio kama unamgawia ombaomba mkate?"

Tressa alikuwa anafungua mikanda ya kiti. Akaacha. "Nikishinda wataidai," akasema.

"Si wameapa hawatadai?"

"Hilo ndilo baya zaidi."

Gaylen akavua helmeti. Nywele zake, unazijua, zilikuwa zimesimama kama mabua. 

"Mimi sikuwepo walipoapa," akasema. "Walijua wasiniite."

"Kwa hiyo wewe utaidai."

"Shinda kwanza, ndipo uniulize."

Akaondoka. Bernadine, aliyekuwa ameyasikia yote kutoka nyuma ya trela, akasema yule mtu hana haya na hajawahi kuwa nayo. Tressa alikuwa ameshika mkanda mkononi, anaukaza na kuulegeza.

Wiki mbili zikapita mvua inanyesha, uwanja ukawa uji. Jumamosi ya tatu jua likatoka, lori la maji likapita, magari yakazunguka polepole kuukandamiza udongo mpaka ukang'aa. Madereva walipiga kura ya nafasi kwa kuchomoa vibati vya namba kutoka kwenye mfuko langoni, na Tressa akapata nafasi ya katikati. Gaylen alianza mbele.

Hatutakuchosha na kila mzunguko, ingawa wewe ungetaka. Tressa alipanda juu, karibu na ukuta, mahali udongo ulipokuwa bado na unyevu, akawa anawapita mmoja mmoja kwa nje. Wawili walimpisha. Aliwapita kwa hasira, unaweza kuona hasira kwenye gari. Gaylen hakupisha. Alijitanua chini na juu, akafunga kila tundu, na walipoingia mzunguko wa mwisho walikuwa mlango kwa mlango, rangi ya gari moja inabaki kwenye jingine. Wakaingia kona ya tatu. Wakaingia ya nne. Sisi sote kwenye uzio tuliacha kupumua, tunaisubiri ile sauti ishuke.

Haikushuka. Akashinda kwa urefu wa boneti.

Watu walisimama juu ya mabenchi. Mtangazaji akabaki anakohoa kwenye kipaza sauti. Tressa akaenda kwenye mizani, akasimamisha gari, akazima, akakaa ndani akiwa ameshika usukani.

Kisha wakaja wengine, na mahali njia inapogawanyika, huku mizani, huku kambini tunapoegesha trela, kila mmoja alikata kwenda kambini. Walipita polepole kwa mstari, wametoa mkono dirishani, kama msafara wa mazishi. Walikuwa na nia nzuri, Orrin. Wote ni watu wazuri. Emmet anasema alimtazama Tressa kupitia dirisha lisilo na kioo, na hajawahi kuona mshindi mwenye uso usio na furaha vile.

Gari la mwisho lilikuwa la Gaylen, limecheleweshwa na tairi la mbele linalopepesuka. Likafika kwenye njia panda. Likakata kwenda mizani, likasimama kando yake.

"Naidai," Gaylen akasema.

Mwamuzi akamwinamia dirishani. "Gaylen, usifanye hivi."

"Nimesema naidai. Au mmefuta sheria bila kuniambia?"

Uwanja ukalipuka. Walimzomea kwa kila jina. "Mwizi wa makaburi!" "Rudi kwa nguruwe zako!" Kuna aliyemtupia gilasi ya karatasi imejaa barafu, ikapasukia kwenye paa. Bernadine akaja kutoka kibandani mbio, na mwiko wa chuma mkononi.

"Gaylen Stoltz! Nimekulisha miaka thelathini!"

"Na sijawahi kulalamika, shemeji, hata ulipostahili."

"Ile ndiyo injini yake ya mwisho!"

"Najua."

"Unajua na bado unaitaka?"

"Naitaka kwa sababu ni nzuri!" Gaylen naye alikuwa anapiga kelele sasa. "Nzuri kuliko zote alizotengeneza. Inanipiga msimu mzima huku dereva wake ameachia mafuta. Ingekuwa mbaya ningepita kama hawa wenzangu, nikatoa mkono dirishani. Kesho nikikutana na Orrin huko aliko, na mimi niliiacha hii bila kuidai, ataniuliza ilikuwa na kasoro gani. Nitamjibu nini, Bernadine? Nimjibu nini?"

Bernadine alikuwa ameuinua mwiko. Ulibaki juu.

Mwamuzi alimgeukia Tressa. Alizungumza kwa upole, na tunakuambia alichosema ili ujue jinsi watu walivyokupenda. Alimwambia akikataa, kamati itaangalia pembeni. Ushindi utabaki wake, na Jumamosi atakuja kama kawaida, na hakuna atakayeandika chochote. Atamke tu kwamba hauzi.

Zomeazomea ikafa. Tukasikia chuma cha moto kikilia kwa kupoa. Alikuwa anaweza kuondoka pale na vyote viwili, ushindi na injini. Alichotakiwa kutoa ni neno moja.

"Nauza," Tressa akasema.

Akashuka. "Lakini naitoa mwenyewe. Na mlete spana ndefu, nati ya nyuma upande wa kushoto ina ukorofi."

Wakaleta winchi. Tressa akaanza kufungua nati, Emmet akishika mnyororo, Gaylen amesimama kando na mikono yake mikubwa haijui iende wapi. Injini ilikuwa bado ya moto. Alipokuwa anafungua ekzosi, kifundo cha mkono kikagusa bomba.

"Aaa!" akapiga kelele, kwa nguvu, mpaka watu wakageuka. Akautazama mkono ukianza kuwa mwekundu. "Imeniunguza, Baba mkubwa," akasema. "Inauma. Inauma sana." Akakaa chini kwenye udongo palepale, mgongo kwenye gurudumu, akalia kama mtoto, kwa sauti, kamasi na yote. Bernadine akautupa mwiko akaenda kukaa naye. Gaylen ndiye aliyemalizia nati zilizobaki.

Tulirudi nyumbani gari likiwa tupu mbele, linadundadunda kwenye trela kama kopo. Bernadine aliapa kwamba yule mtu hatakula tena kwenye kibanda chake maisha yake yote. Jumamosi iliyofuata alimpa baga. Ilikuwa imeungua pande mbili.

Siku moja tu baada ya injini kung'olewa, Jumapili baada ya kanisa, Tressa aliitoa bloki kuukuu ya injini iliyokuwa chini ya meza yako, akaiweka kwenye stendi. Hukuwahi kumfundisha kazi hiyo kwa mpangilio, ulimwacha tu akae hapo anakupa spana. Ikaonekana. Gasketi moja aliiweka kinyume, mafuta yakamwagika sakafu nzima na kwenye viatu vya Emmet. Vali zilimgomea. Alikutukana, Orrin, hatutakuficha. Alisema ulikuwa na miaka yote ile ya kumwonyesha na ukaitumia kupiga mluzi. Alirusha spana ikatoboa kopo la rangi. Bernadine alikuwa jikoni, akasema, "Mwacheni," na akaendelea kumenya viazi, na tulimsikia anaimba kidogo, kitu ambacho hatukuwa tumekisikia tangu uondoke.

Ikawaka. Ilikuwa na kikohozi kibaya, ikatoa moshi wa buluu, lakini iliwaka.

Jumamosi mbili zilizopita akaipeleka uwanjani. Gaylen naye alikuwa na yako. Tuliisikia ilipotoka kambini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ipi. Mbio zikaisha Gaylen wa kwanza, Tressa wa pili. Lakini safari hii alikuwa wa pili na mguu umezama mpaka sakafuni, gari linafuka moshi kama jiko la kuni, na alipotoka kona ya nne alikuwa bado anamkaribia.

Na sasa aliyekuwa kwenye mizani ni Gaylen, na injini ya mshindi inaweza kudaiwa na yeyote.

Uwanja mzima ulilielewa hilo kwa pamoja. Walioapa wakati ule hawakuhitaji kuapa tena. Walikata kwenda kambini haraka, wakamwachia njia nyeupe. Bernadine alifungua aproni akaitupa. Emmet, kwenye uzio, alikuwa anasema "Nenda, nenda, nenda," bila kujua kwamba anasema. Gaylen alizima gari, akavua helmeti, akakaa anasubiri kama mtu aliyeko kituo cha basi.

Tressa akafika kwenye njia panda. Akakata kwenda mizani. Akasimama kando yake.

"Haya, binti," Gaylen akasema. "Sema. Nimekutunzia. Hata oili nimebadilisha jana."

"Oili gani?"

"Ile ile aliyokuwa akitumia."

"Vizuri. Usije ukatia nyingine."

Gaylen akamtazama. "Kwani huidai?"

"Siidai."

"Tressa," mwamuzi akasema, "ukitoka hapo imekwisha. Jumamosi nyingine Gaylen akishinda tena, mtu mwingine ataichukua, sijui wa kaunti gani."

"Najua." Alimwambia Gaylen, si mwamuzi: "Kaa nayo, Mzee Gaylen. Ikimbize kweli, usiionee huruma. Nataka kuipita."

Akatia gia aondoke, na palepale injini yake ikakohoa mara mbili ikazimika. Akapiga stata. Ikalia tu. Akapiga tena. Watu walianza kucheka, kwanza kidogo, halafu wote, na Tressa mwenyewe akalaza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Hiyo sasa hata bure hakuna anayeidai," Gaylen akasema. Akavaa helmeti, akawasha gari, akarudi nyuma, akaja taratibu mpaka bampa lake likagusa la Tressa, akaanza kumsukuma. Alimsukuma kutoka kwenye mizani, akapita naye mbele ya mabenchi yote, mpaka kwenye nafasi yetu kambini. Tulisimama kwenye uzio tukaisikiliza injini yako ikifanya kazi hiyo, gia ya kwanza, polepole, haikohoi. Bernadine alishika mkono wa Emmet akaubana mpaka kucha zikaingia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bernadine, bintiyo Tressa, kaka yako Emmet, anayesema ataondoka baada ya mavuno, dada zako Lorene na Adeline pamoja na watoto wao, na akina Kolar wote wa pande zote mbili za mto. Gaylen Stoltz si ndugu yetu, lakini alikuja hadi mlangoni kuomba jina lake liwemo, na Bernadine amekubali liwekwe mwisho kabisa.

Hatuna siku ya kukusahau, Orrin.